UZI: Nancy Williams na ardhi ya Wayolngu. Jaji aliona sheria, kwa nini hakuona umiliki?

Kalamu Nyeusi (mleta mada)

Wakuu, wapo waliouliza waanzie wapi kusoma kuhusu umiliki wa ardhi kwa Waaborijini wa Australia. Wengi huelekezwa kwenye hukumu ya Mabo ya 1992, iliyotambua umiliki wa kienyeji kwa mara ya kwanza, wakaishia hapo. Mimi nasema anzeni na Wayolngu, Waaborijini wa kaskazini-mashariki mwa Arnhem Land huko Northern Territory, na maandishi ya Nancy Williams, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti kwenye makazi yao ya Yirrkala kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kesi yao ikiwa bado inanguruma. Kitabu chake kikuu kilitoka 1986, na unaweza kukisoma kama rufaa ya hukumu ambayo haikukatiwa rufaa.

Historia kwa kifupi. Mwaka 1963 serikali ilimega zaidi ya kilomita za mraba 300 kutoka hifadhi ya Arnhem Land ili boksiti, madini ya kutengenezea alumini, ichimbwe. Mwezi Agosti wazee wa Yirrkala wakapeleka bungeni maombi mawili yaliyobandikwa kwenye magome ya mti, kwa lugha yao na kwa Kiingereza, yamezungushiwa michoro ya koo. Hayakuzuia mgodi. Desemba 1968 wakafungua kesi dhidi ya Nabalco, kampuni ya mgodi, na serikali, na 27 Aprili 1971 Jaji Richard Blackburn akatoa hukumu.

Blackburn hakuwadharau, hilo lisemwe. Aliandika kwamba ushahidi ulimwonyesha mfumo makini wenye matawi mengi, na kwamba kama kuna mfumo unaostahili kuitwa utawala wa sheria na si wa watu, basi ni huo. Kisha akawanyima. Alisema mali kwa kawaida hubeba haki tatu: kutumia, kuzuia wengine, na kuhamisha kwa mtu mwingine. Akazipima moja moja. Kuhamisha: wadai wenyewe walikana kwamba wanaweza kuitoa ardhi. Kutumia: waliokuwa wakiwinda na kupiga kambi pamoja walitoka koo mbalimbali, kwa hiyo matumizi hayakuwa ya ukoo. Kuzuia: ushahidi wa mtu kufukuzwa ulikuwa mwembamba. Akamalizia kwamba ni rahisi zaidi kusema ukoo ni wa ardhi kuliko kusema ardhi ni ya ukoo.

Hoja ya Williams inakaa kwenye haki hiyo ya kuzuia. Nitairudia, ila kwanza naomba mwenye kuujua ukoo wa Kiyolngu atuwekee msingi, maana bila huo hoja haishikiki.

Ujombani Kwetu

Nimeitika, mkuu.

Kila kitu kwa Wayolngu kiko upande mmoja kati ya mbili, Dhuwa au Yirritja. Watu, maji, upepo, samaki, nyimbo, ardhi. Mtoto hufuata upande wa baba, na ndoa sharti ivuke upande. Ndani ya kila upande kuna koo za kufuata baba: Rirratjingu, Galpu na Djapu ni Dhuwa, Gumatj, Madarrpa, Manggalili na Dhalwangu ni Yirritja. Ardhi hutoka kwa wahenga waumbaji waliopita wakiweka visima, miti, nyimbo na vitu vitakatifu vinavyoitwa rangga. Mfano unaojulikana ni dada wa Djang'kawu walioshukia Yalangbara, ambayo ni ardhi ya Rirratjingu. Rangga na michoro ya ukoo ndiyo hati. Williams anazichukua hivyo bila kuuma maneno.

Sasa kinachowapoteza wengi ni kudhani mwenye ukoo ndiye mwenye kauli peke yake. Mtu ana haki kwa baba na ana wajibu ujombani. Uhusiano wa mtoto na ukoo wa mama unaitwa yothu-yindi. Mpwa, yaani mtoto wa mwanamke wa ukoo, ni djungaya: mwangalizi wa ardhi ya wajomba zake. Yeye huandaa uwanja wa ibada, husimamia michoro na vitu vitakatifu, na ndiye wa kuuliza wajomba wanapotaka kufanya jambo zito kwenye ardhi yao. Mwenye ardhi asiyemshirikisha djungaya amevunja sheria hata kama ardhi ni yake kwa baba na babu.

Halafu kuna uzi wa tatu, märi-gutharra: ukoo wa mama mzaa mama. Pigeni hesabu. Mimi nikiwa Dhuwa, mama ni Yirritja, na mama yake mama ni Dhuwa tena. Kwa hiyo ukoo wa bibi uko upande wangu. Ndiyo maana ukoo ukikatika kwa kukosa wanaume, ardhi haibaki bila mwenyewe. Anayeanza kuitunza na hatimaye kuirithi mara nyingi ni ukoo wa wajukuu hao, wenye upande uleule na nyimbo zinazoungana. Si jambo la siku moja. Kunaweza kupita kizazi kizima cha kubishana nani aliimba wapi, nani alizika nani.

Kalamu Nyeusi

Shukrani. Sasa turudi kwenye kuzuia.

Williams aliandika makala ya 1982 kuhusu mipaka na ruhusa, na hoja yake inabebwa pia na kitabu. Mahakama ilitafuta mtu aliyekatazwa. Ikamkosa, ikasema hakuna haki ya kukataza. Williams akageuza swali: kwa nini watu wanaomba? Kwa Wayolngu mgeni haingii tu. Huomba, na mara nyingi haombi kwa ombi la wazi. Hutaja mbele ya mwenye ardhi kwamba anafikiria kwenda mahali fulani kutafuta mayai ya kasa, halafu hunyamaza. Mwenye ardhi hujibu kwa kumwelekeza njia, au kusema hewala, au kubadilisha mazungumzo. Hapo kila mmoja ameelewa. Anayejua atakataliwa hafungui kinywa, maana kukataliwa hadharani ni fedheha kwa wote wawili. Ndiyo maana ukihesabu waliokataliwa utapata sifuri au karibu nayo, na sifuri hiyo ni dalili kwamba haki inatambuliwa na kila mtu.

Kwenye mpaka pia jaji alitaka mstari. Wayolngu wana mipaka iliyo wazi kabisa palipo na mto, mwamba au kisima chenye jina. Penginepo huachwa kwa makusudi bila kuchorwa, hasa kati ya koo ambazo ni jamaa na zinapeana ruhusa kila siku. Mpaka wa namna hiyo kazi yake ni kuonyesha ni wapi pa kuanza kuomba.

Kuzuia kwa dhahiri kupo vilevile, ila kuna wakati wake. Mtu mkubwa akifariki, sehemu alizohusiana nazo hufungwa. Hakuna kuwinda wala kuvua, jina lake halitajwi, mpaka wenye haki wafanye ibada ya kupafungua. Muulize yeyote aliyetaka kuvua hapo kama hakuna haki ya kuzuia.

Wakili wa Jioni

Nakubaliana na mengi, ila tusimtwike Blackburn mzigo wote. Upande wa wadai ulileta wanaanthropolojia wawili wazito, W.E.H. Stanner na Ronald Berndt, na sehemu ya tatizo ilitoka kwao.

Tangu mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown, mwanzoni mwa miaka ya 1930, vitabu vilisema kila kundi la Waaborijini ni wanaume wa ukoo mmoja na wake na watoto wao, wakiishi kwenye ardhi yao wenyewe. Mwaka 1962 L.R. Hiatt alionyesha kwamba data haiungi mkono picha hiyo. Stanner akajibu 1965 kwa kutenganisha vitu viwili: milki, yaani ardhi ambayo ukoo unaitambua kuwa yake, na eneo la mzunguko, yaani kote ambako watu wa kambi hutafuta riziki. Utenganisho mzuri darasani. Mahakamani ukawa mtego. Wataalamu walieleza kwamba ukoo ndio wenye kumiliki na kundi la kambi ndilo lenye kutumia, na kwamba kiini cha kundi huwa ni watu wa ukoo. Mashahidi Wayolngu wakasimama wakaeleza maisha yao: tulikaa na huyu na yule, wa koo hizi na zile, hakuna aliyejali. Jaji akapima, akaamini mashahidi kuliko wataalamu. Na kwa kuwa wataalamu walishamwambia mwenye kumiliki si lazima awe mwenye kutumia, alibaki na ukoo wenye uhusiano wa dini tu na ardhi. Dini si mali. Kesi ikaisha.

Kulikuwa na pigo jingine ambalo watu hulisahau. Wadai walitakiwa waonyeshe kwamba wahenga wao mwaka 1788, Waingereza walipoanza kukaa Australia, walikuwa na uhusiano uleule na ardhi ileile. Jaji hakuridhika, hata kwa kipimo cha kesi za madai ambacho ni uwezekano tu kuzidi nusu. Na hata wangevuka hapo, alishaamua kwamba umiliki wa kimila haukuwa sehemu ya sheria ya Australia. Kwa hiyo hata shahidi angekuwa Williams mwenyewe na makala yake ya ruhusa mkononi, matokeo yangekuwa yaleyale. Tofauti ingekuwa kwenye kumbukumbu za ushahidi, ambazo ndizo kila mtu alikuja kuzisoma baadaye.

Dau Kavu

Mimi nina ukakasi na Williams mwenyewe.

Amejenga utetezi wake kwa kuonyesha kwamba ukoo wa Kiyolngu ni chombo kinachomiliki, chenye mipaka, wanachama na wakuu. Ni picha ambayo wakili wa Kiingereza anaielewa mara moja, na hapo ndipo naanza kutilia shaka. Mwanaanthropolojia Ian Keen aliandika 1995 kwamba neno ukoo linabeba picha ya kundi lililofungwa, ilhali Wayolngu wenyewe huzungumza kwa mifano ya mwili, mimea na njia za wahenga, na vitambulisho vyao hufunguka na kuungana kutoka mahali hadi mahali. Jina moja la ukoo laweza kuwa na ardhi sehemu mbili zilizotengana, na watu wa majina mawili wakashirikiana mchoro mmoja. Ukichora ramani yenye rangi moja kwa kila ukoo umeshapotosha.

Hili lina madhara ya kweli. Fedha za mgodi zikianza kugawiwa kwa ukoo, wale waliokuwa na haki kwa mama au kwa bibi hujikuta nje, na wakuu wa ukoo wenye jina kwenye karatasi wanapata nguvu ambayo kimila hawakuwa nayo peke yao.

Kalamu Nyeusi

Dau Kavu, hoja ya Keen naipokea kuhusu neno na ramani. Lakini Williams hakuwaacha nje wa kwa mama. Sura zake kuhusu usimamizi wa ardhi zinategemea kabisa wale djungaya aliowaeleza Ujombani Kwetu. Kilichowaacha nje ni sheria iliyotungwa baadaye, na hapo Wakili ndiye wa kutufafanulia.

Mtoto wa Maktaba

Samahani wakubwa, nimefuatilia kimya. Mnasema sana sheria. Mtu akiivunja inakuwaje? Nani anahukumu, kama hakuna mahakama?

Ujombani Kwetu

Mwanangu, soma kitabu kingine cha Williams, cha 1987, kuhusu usuluhishi wa migogoro Yirrkala chini ya sheria mbili. Kwa Wayolngu sheria ni rom, na hakuna mtu mmoja mwenye kazi ya uhakimu. Mwenye dukuduku hulitoa kwa sauti, aghalabu jioni kambini, watu wote wasikie. Huo ndio ufunguzi wa shauri. Jamaa wa pande zote mbili hukutana, wakubwa wa koo husikiliza, na kinachotafutwa ni kauli ambayo kila mmoja anaweza kuishi nayo. Pakihitajika fidia, italipwa. Pakihitajika mkosaji kuhamia kwa jamaa mbali kwa muda, atahama.

Kwa damu, zamani palikuwa na makarrata. Mwanaanthropolojia W. Lloyd Warner, aliyeishi na Wayolngu wa Milingimbi kati ya 1926 na 1929, aliieleza hatua kwa hatua. Pande mbili husimama mkabala. Kwanza hukimbia mbele walioshawishi mauaji, wakirushiwa mikuki iliyotolewa vichwa. Kisha hukimbia wauaji wenyewe, safari hii vichwa vya mawe vikiwa mahali pake, wazee wakipita katikati kuwaonya vijana wasiue. Mwisho ni kuchomwa mkuki wa paja. Kidonda kikiwa cha kweli, shauri limekwisha. Kikiwa mkwaruzo tu, upande wa pili unajua haujasamehewa, na hulala macho.

Penye kukosea wengi ni kuichukua makarrata kama adhabu. Ile ni njia ya kufunga hesabu, na haifanyiki mpaka pande zote zimeshakubaliana kwamba itafanyika.

Wakili wa Jioni

Haya, sheria ya 1976. Baada ya kushindwa kwa 1971 serikali iliunda tume ya Woodward kuchunguza haki za ardhi, na Bunge likapitisha sheria ya haki za ardhi kwa Northern Territory, iliyoanza kutumika 26 Januari 1977. Arnhem Land, kwa kuwa ilikuwa hifadhi, ilihamishiwa moja kwa moja kwa amana za ardhi, yaani vyombo vinavyoishika kwa niaba ya wenyewe, bila kudaiwa. Kwa ardhi nyingine ya serikali isiyo na mwenyewe ilibidi kudai mbele ya kamishna, ambaye alikuwa jaji, na wa kwanza alikuwa John Toohey.

Mwenye ardhi wa jadi, kwa mujibu wa sheria ile, ni kundi la wenyeji wa nasaba moja lenye uhusiano wa kiroho wa pamoja na sehemu takatifu, uhusiano unaolipa dhamana ya kwanza juu ya sehemu hiyo na ardhi yake, na lenye haki kimila ya kutafuta chakula humo. Kila kipande kilihitaji ushahidi wake, na mwanaanthropolojia ndiye aliyeandaa kitabu cha madai: miti ya ukoo, ramani ya sehemu takatifu na njia za wahenga, orodha ya majina ya wadai, maelezo ya nani anatunza nini. Kisha kamishna hupelekwa porini, wazee wanaimba na kueleza papo hapo. Mengine husikilizwa na wanaume tu, mengine wanawake tu. Kamishna hupima pia uzito wa uhusiano na athari kwa wengine, halafu hupendekeza kwa waziri. Yeye hatoi ardhi. Ikitolewa, inashikwa na amana na haiuzwi kamwe. Mlango wa kupeleka madai mapya ulifungwa 5 Juni 1997.

Madai yaliharibika wapi? Kwanza kwenye kiapo cha "hii ni nchi yangu". Mzee mmoja asubuhi huitamka kwa ardhi ya baba, mchana kwa ardhi ya mama, na wakili wa upande wa pili humtuhumu kujipinga. Dawa ni mtaalamu kutenganisha mapema, kwa jina, kila njia ya haki. Pili ni dhamana ya kwanza. Kwa Wawarlpiri wa jangwani, kirda hupata ardhi kwa baba na kurdungurlu kwa mama. Nani mwenye dhamana ya kwanza, mwenye mali au mwangalizi ambaye bila yeye mwenye mali hawezi kitu? Mwanzoni kurdungurlu walionekana hawaingii kwenye tafsiri. Kwenye madai ya baadaye makamishna wakawakubali. Kwa hiyo Dau Kavu yuko sahihi kwamba lugha ya ukoo wa baba iliwaumiza wa kwa mama, ila iliingia kupitia sheria iliyobeba picha ya vitabu vya zamani.

Kwa Australia nzima, baada ya Mabo, kuna sheria ya umiliki wa kienyeji ya 1993, na ni ngumu kuliko ya 1976. Inadai uendelevu tangu utawala wa Uingereza ulipoingia. Wayorta Yorta walishindwa 1998, jaji akiupa uzito mkubwa uandishi wa mfugaji wa karne ya 19, Edward Curr, kuliko kauli za wazee waliosimama mbele yake, na Mahakama Kuu, ambayo kwa Australia ndiyo ya juu kabisa, ikaithibitisha hukumu hiyo 2002. Funzo kwa mtafiti: ukiandika "mila hii imekufa" kwa haraka zako, miaka 40 baadaye kuna mtu atanyang'anywa ardhi kwa sentensi hiyo.

Dau Kavu

Kwenye michoro mmepita juu juu. Mchoro wa ukoo hauchorwi na yeyote, hata msanii mwenye kipaji. Unahitaji haki kwa baba, au kwa mama na kibali, na kosa la kuuchora ovyo ni kosa la ardhi. Hilo lilifika mahakamani 1998: kampuni iliingiza na kuuza vitambaa vilivyochapwa mchoro wa John Bulun Bulun, wa ukoo wa Ganalbingu, unaoonyesha kisima kitakatifu. Jaji von Doussa alikataa kwamba ukoo unamiliki hakimiliki ya mchoro, lakini alisema msanii ana wajibu wa uaminifu kwa ukoo wake kuilinda. Nusu shari. Kwa Kiyolngu, mchoro na kisima ni kitu kimoja. Kwa mahakama, kimoja ni cha msanii na kingine cha kesi nyingine.

Mtoto wa Maktaba

Na kwetu Tanzania? Kesi ya Akonaay nayo si ilikuwa hivihivi?

Wakili wa Jioni

Karibu nayo, na iliamuliwa vizuri zaidi. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani ilisema haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, haiondolewi bila fidia. Ila huku hakuna aliyehitaji kuthibitisha mwaka wa kuingia kwa mkoloni, na mwenye haki alikuwa mkulima anayelima. Hicho ndicho Wayolngu walichokosa: jembe la kumwonyesha jaji.

Kalamu Nyeusi

Kuhusu bahari, kwa kuwa mmoja aliniuliza inboksi na jibu linafaa wote. Mwaka 1996, pwani ya Blue Mud Bay, pahali patakatifu pa Garrangali pa ukoo wa Madarrpa, ilikutwa kambi haramu ya wavuvi na kichwa cha mamba kilichokatwa. Mamba ndiye mhenga wa ukoo huo. Wayolngu wakajibu kwa magome 80 yaliyochorwa, kila ukoo na maji yake, kuonyesha kwamba umiliki hauishii kwenye mchanga. Kesi ikafuata, na 30 Julai 2008 Mahakama Kuu ikaamua kwamba hati za ardhi chini ya sheria ya 1976 zinashika hadi alama ya maji kupwa. Hiyo ni takriban asilimia 80 ya pwani ya Northern Territory. Tangu hapo mvuvi anayeingia na maji kujaa juu ya ardhi hiyo anahitaji kibali, na kinachojadiliwa na Baraza la Ardhi la Kaskazini, linalowasemea wenye ardhi, ni masharti: wapi paruhusiwe kwa wote, wapi pafungwe.

Na ule mgodi wa boksiti wenyewe: 12 Machi 2025 Mahakama Kuu, katika shauri la fidia la ukoo wa Gumatj, iliamua kwamba umiliki wa kienyeji ni mali ambayo serikali ya shirikisho haiwezi kuichukua bila masharti ya haki, hata ndani ya Northern Territory. Kwa hiyo fidia ya hatua zilizochukuliwa kwa ajili ya mgodi miaka ile ya 1960 inaweza kudaiwa. Anayetaka kusoma kwa mpangilio: hukumu ya 1971 sehemu ya ushahidi kwanza, kisha makala ya ruhusa ya 1982, kisha kitabu cha 1986, halafu Keen. Hukumu ya 2025 iwe ya mwisho.